Mama Msomali amenitia aibu

Jumanne nilikuwa kwenye ukumbi wa maktaba hapa Minneapolis, Marekani, tukijadili barabara ya mtaani itengenezwe vipi. Kando yangu mama Msomali, rika la mama yangu, sauti ya mkalimani sikioni. Akainua mkono, akauliza kwa Kisomali: kituo cha basi mkikisogeza, wazee watangojea wapi theluji ikianguka? Mpangaji miji akaandika. Mimi na Kizungu changu cha tangu darasa la kwanza sikufungua mdomo.

Nikamkumbuka mama. Mwaka juzi aliitwa kwenye mkutano wa barabara huko kwetu Kenya. Kijana akasoma ukutani, Kizungu mwanzo hadi mwisho, vifupisho juu ya vifupisho. Mama akatia saini ya mahudhurio, akanywa soda, akarudi nyumbani. Ripoti ikasema wananchi walishirikishwa. Tangazo lililomfikia bila mkalimani ni ile X nyekundu, alama ya kubomolewa, kwenye ukuta wa jikoni.

Najua mtasema nimeleta madharau ya majuu. Haya, huku si peponi. Machi 2025 Trump alitangaza Kiingereza lugha rasmi, akafuta amri ya Clinton ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za serikali kuu ziwahudumie wasiokijua. Lakini karatasi niliyopewa mlangoni bado ilikuwa na Kihispania, Kisomali na Kihmong, lugha ya watu waliotoka Asia. Na hao ni wageni, jamani! Sisi Kiswahili ni chetu. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekiita lugha ya taifa, ikakiita tena lugha rasmi. Tunangoja nani mwingine akiite?

Eti mipango miji haina Kiswahili chake. Mtaro si mtaro? Kaunti ya Nairobi ilipoitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru eneo maalum la mipango mwaka 2017, wakazi wa Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani walikaa vikao hadi ngazi ya majirani, wakabishana kuhusu maji, vyoo na upana wa barabara. Hiyo nawasimulia hata Wamarekani, kifua mbele. Sasa kama Mukuru iliwezekana, mama yangu alikosa nini, mbali na mtu wa kumwuliza?

Jana usiku kanipigia simu. Swali ni lile lile alilotoka nalo ukumbini: hiyo X inachukua jikoni peke yake, ama ni nyumba yote?