Jina la beki huwa chini kabisa kwenye orodha

Nilifika Massachusetts, Marekani, mwaka 2017, na mwaka huohuo akafika kijana mwingine mgeni, Cale Makar, kutoka Calgary, Kanada. Mimi nilikuja kutunza wazee. Yeye alikuja kusoma na kucheza magongo ya barafuni katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, pale Amherst. Hatujawahi kuonana ana kwa ana, lakini kwa misimu miwili nilimtazama kwenye televisheni kuliko nilivyowahi kumtazama mchezaji yeyote.

Aliyenifundisha kumtazama ni mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia zamu ya usiku. Hakuweza tena kutembea, na timu ya Amherst ikicheza hakubali kulazwa mpaka kipindi cha tatu kiishe. Alikuwa ameivumilia kwa miaka. Msimu mmoja kabla ya Makar, timu ilishinda mechi 5 tu kati ya 36.

Mimi, mtoto wa Mombasa niliyekulia kwenye kabumbu, nilikuwa nauliza swali moja tu: huyu mnayemsifu amefunga mangapi? Mzee akaniambia, "Usimtazame akifunga. Mtazame anapokwenda kuichukua paki nyuma ya goli letu."

Basi nikaanza kutazama hapo. Paki, kile kisahani cheusi cha mpira, inasukumwa mpaka kona, na wapinzani wawili wanamfuata beki mbio ili wambane ukutani. Kabla hajaifikia, Makar ameshageuza shingo mara mbili, kushoto na kulia. Anainamisha bega kana kwamba anapita upande huu, mpinzani wa kwanza anaufuata upande huo, naye anageuka kwa makali ya viatu na kutokea upande wa pili. Pasi moja, paki iko katikati ya uwanja. Kipa wetu hajaigusa. Mshambuliaji anaipokea akiwa tayari ana kasi. Yote hayo hayazidi sekunde nne, na kwenye karatasi ya matokeo hakuna kinachoandikwa.

Na karatasi yenyewe ilimpendelea, nisije nikaonekana namdhulumu. Msimu wa 2018-19 alikuwa na mabao 16 na pasi za mabao 33 katika mechi 41, tena akiwa beki, akapewa tuzo ya Hobey Baker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa magongo wa chuo. Timu ile ya mechi 5 ikafika fainali ya taifa ya vyuo kule Buffalo, ikafungwa 3-0 na Minnesota Duluth. Baada ya hapo Makar akaenda Colorado kucheza kwa kulipwa.

Lakini ukiniuliza thamani yake, nitakupeleka mwaka 2021, Pittsburgh, pale Amherst ilipoichapa St. Cloud State 5-0 na kutwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza. Makar hakuwapo. Waliokuwapo ni vijana kadhaa waliofanya mazoezi naye kila siku na kuonja fainali pamoja naye, chini ya kocha yuleyule, Greg Carvel. Nasadiki kwamba alichowaachia ni ile hali ya kutopaparika paki inapokuja nyuma. Hiyo utaiandika kwenye safu ipi?

Wenzetu huku angalau wanajaribu. Wana hesabu moja ya zamani ninayoipenda: idadi ya wachezaji ikiwa sawa pande zote, timu ikifunga, kila aliyekuwa uwanjani isipokuwa kipa huongezewa moja, na ikifungwa hupunguziwa moja. Hata kama hukugusa paki. Kuwapo kwenyewe kunahesabiwa. Isidhaniwe lakini kwamba huku kila kazi inaonekana. Fomu ya zamu yangu ilikuwa na kisanduku cha dawa na cha kumgeuza mgonjwa. Cha kukaa na mzee akiwa na hofu saa tisa usiku hakikuwamo.

Nasi tulijua kumtazama beki. Kenya ilishika nafasi ya 4 kwenye Kombe la Dunia la kwanza la magongo, haya ya nyasini yanayochezwa kwa mpira, Barcelona, 1971, na nahodha wetu, Avtar Singh Sohal, alikuwa beki. Alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Marehemu baba alipomtaja hakutaja bao. Alinyanyua mkono wa kulia akaonyesha jinsi gongo lilivyoshuka na mpira ukabaki hapo. Siku hizi mechi ikiisha, kijiweni na kwenye simu, ni nani kafunga, nani kafunga.

Haya nayaandika kwa sababu ya Mama. Mwaka jana alianguka akavunjika nyonga, ikabidi apasuliwe. Ukoo ukafungua mchango, na kila jioni Ami, ambaye ndiye mweka hazina, alikuwa akituma orodha kwenye grupu: jina, kiasi, alama ya tiki. Jina langu lilikuwa la kwanza. Watu wakaniombea dua kwa majina yangu yote matatu, na shangazi wawili wakapiga simu kunishukuru. Dada yangu alikuwa wa mwisho, shilingi 1,500.

Dada yangu ndiye aliyelala kwenye mkeka sakafuni kando ya kitanda cha Mama usiku 11. Ndiye aliyegundua kwamba dawa ya maumivu imerukwa na kumfuata muuguzi ukumbini mpaka ikaja. Alimjua Mama anavyopumua akiwa na maumivu na anavyopumua akiwa amelala tu. Kidonda hakikuoza, Mama hakupata vidonda vya mgongo, na mimi nikiwa umbali wa bahari nzima nilipokea ujumbe mmoja kila asubuhi: "Kaka, amelala vizuri. Amekunywa uji." Kibanda chake cha mahamri kilifungwa siku zote hizo, na kila siku kilipofungwa alikuwa anatoa zaidi ya zile 1,500.

Fedha yangu ilihitajika, silikatai hilo. Bila malipo ya upasuaji kusingekuwa na kitanda cha kukesha kando yake. Ila nilipoona dua zote zinanijia mimi, nilikosa raha, nikamkumbuka mzee wangu na kidole chake kikionyesha kona ya televisheni.

Nikampigia Ami, nikamwomba aitume upya orodha, jina la dada liwe juu. Akasema orodha hupangwa kwa kiasi, sasa amwandikie dada shilingi ngapi? Nikamwambia, "Ami, usiandike shilingi. Andika amekesha usiku 11."