Protini Husoma Sukari Kabla ya Herufi

Sentensi moja imeganda kwenye noti za baiolojia: RNA ina urasili (U), DNA ina thaimini (T), basi protini huzitofautisha kwa herufi hiyo. Inakera, kwa sababu inaficha jambo zuri kuliko yote. Herufi hizo, yaani besi, zimeachana kwa kundi moja tu la methili. Kinachokaguliwa mara nyingi ni sukari: kwenye kaboni ya pili, RNA ina hidroksili (OH) na DNA ina hidrojeni tu.

Tazama RNase HI ya E. coli, kimeng'enya kinachokata RNA iliyopachana na DNA. Kinahitaji ribonyukliotidi (viungo vya mnyororo wa RNA) nne mfululizo, na kinazijua kwa kugusa hidroksili zake. Hakiishii hapo. Kina kijishimo kinachodaka fosfeti ya uzi wa pili, ule wa DNA, na uzi wa RNA haukai humo kwa kuwa sukari yake haikunjiki hivyo. Ndiyo maana RNA mbili zilizopachana hakizikati, ingawa hidroksili zimejaa pande zote mbili. Kinahakikisha hidroksili ipo huku na haipo kule! Ndugu yake, RNase HII, hutosheka na ribonyukliotidi moja iliyopenya ndani ya DNA.

Rho, protini ya bakteria yenye umbo la pete, nayo hushika DNA ya uzi mmoja yenye C (sitosini) nyingi kwenye ukingo wake, lakini tundu la katikati linataka RNA. Bila hiyo ATP, molekuli ya nishati ya seli, haichomwi. Kushika si kufanya kazi.

Haya, urasili ina nafasi yake: uso mmoja wa Hfq, protini ya bakteria inayoshika RNA, hukamata mkia wa U. Uso wa pili unataka A (adenini), ambayo DNA nayo inayo.

Kwa hiyo ukilinganisha RNA na DNA tu, umebadilisha sukari na besi kwa pamoja, na huwezi kusema ni ipi iliyoamua. Agiza nyuzi nne za mfuatano uleule, uone protini yako inashika zipi: RNA yenye U, RNA yenye T, DNA yenye U, DNA yenye T. Ongeza ya tano yenye floraini mahali pa hidroksili: sukari inabaki imejikunja kama ya RNA, ila haitoi hidrojeni ya bondi. Ikishikwa vizuri, protini inasoma umbo.

Kabla ya yote, pima uwiano wa 260/280 wa protini yako, yaani mwanga inaoufyonza kwenye nanomita 260 ukigawanywa kwa ule wa 280. Protini safi huwa karibu 0.6, ukipanda kuelekea 2, rudi ukaioshe kwa chumvi ya mola 1. Vinginevyo uzi wako unashindana na RNA ya bakteria iliyong'ang'ania humo tangu seli zilipopasuliwa.