Marekani, haki ya mtoto mwenye ulemavu shuleni huanzia kwenye barua

Wengi wanaoisifia sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu huzungumza kana kwamba iliahidi elimu bora. Kwa kiasi kikubwa iliahidi utaratibu: notisi, tathmini, kikao, nafasi ya kupinga. Mzazi asiyelijua hilo huingia kikaoni na uchungu wa haki kabisa lakini mikono mitupu, akatoka vilevile.

Ukitaka kujua kwa nini ilikuwa hivyo, anza mbali kidogo. Mwaka 1893 mahakama ya juu ya Massachusetts iliziruhusu shule za Cambridge kumtoa mtoto aliyehesabiwa kuwa na akili dhaifu. Mwaka 1919, huko Antigo, Wisconsin, mvulana aliyepooza lakini aliyeyamudu masomo alikataliwa shule kwa sababu kutokwa kwake mate na kukunjamana kwa uso wake kuliwakera walimu na wanafunzi. Mahakama ikaafiki.

Kwa hiyo wanasheria walioingia mahakamani mwanzoni mwa miaka ya 1970 hawakutegemea huruma ya jaji. Walileta wataalamu kuonyesha kwamba kila mtoto anafundishika, kisha wakauliza swali gumu zaidi: huyu mlimtoa kwa utaratibu gani? Pennsylvania, ambako sheria iliruhusu kumkataa mtoto ambaye umri wake wa akili haujafika miaka 5, ilikubali mapatano mwaka 1971. Jijini Washington utetezi ulikuwa ule uleule tunaousikia mpaka leo: fedha hazitoshi. Katika kesi ya Mills ya 1972, Jaji Joseph Waddy alijibu kwamba kama hazitoshi, upungufu huo usiwaelemee watoto wenye ulemavu kuliko wengine. Kwa maoni yangu, hakuna hukumu iliyosema jambo zito kuliko hilo katika historia hii yote.

Bunge lilichukua mifupa ya kesi hizo likaitia kwenye sheria ambayo Rais Gerald Ford aliitia sahihi tarehe 29 Novemba 1975. Bunge lenyewe lilikiri kwamba watoto milioni 1 walikuwa wamefungiwa nje ya shule za umma kabisa. Mwaka 1990 sheria ikabadilishwa jina, ndiyo inayoitwa IDEA leo.

Ubora ulibaki kitendawili. Mwaka 1982, katika kesi ya Rowley, mtoto kiziwi aliyekuwa akifaulu darasani alinyimwa mkalimani wa lugha ya alama. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema inatosha akipata faida fulani ya kielimu. Mahakama nyingine zikaishusha faida hiyo mpaka ikawa kiduchu tu, na ilichukua miaka 35 kuipandisha. Kesi ya Endrew F. ya 2017 ilitaka maendeleo yanayolingana na hali ya mtoto mwenyewe. Ni afadhali, ila bado si ahadi ya kilicho bora.

Ndiyo maana karatasi ina nguvu kuliko hoja. Ombi la tathmini liandikwe, liwe na tarehe, litaje maeneo yote yanayotia shaka (kusoma, hesabu, usemi, tabia, matumizi ya mikono), na nakala ibaki nyumbani. Hapa ndipo wengi hujikwaa: siku 60 ambazo kanuni ya shirikisho huipa shule kukamilisha tathmini hazihesabiwi tangu siku ya barua. Zinahesabiwa tangu shule ilipopokea kibali cha mzazi cha tathmini, na baadhi ya majimbo yana muda wao. Fomu ya kibali ikikaa mezani kwa mtu wiki tatu, wiki hizo zimepotea. Basi barua iombe fomu hiyo papo hapo. Mtoto akionekana anastahili, kikao cha kuandika mpango wake wa elimu, ule unaoitwa IEP, kifanyike ndani ya siku 30.

Shule ikikataa kwa mdomo, dai notisi ya maandishi yenye sababu za kukataa na vipimo vilivyotumika. Inalazimika kuitoa. Usipokubaliana na tathmini yao, omba tathmini huru kwa gharama ya umma. Shule ama ilipe, ama ifungue shauri kuitetea yake. Haina ruhusa ya kunyamaza. Ukifungua shauri wewe kupinga kuhamishwa kwa mtoto, kwa kawaida anabaki pale alipo hadi liishe.

Kwenye mpango wenyewe, soma malengo kwanza. "Ataboresha usomaji" halipimiki, kwa hiyo halivunjiki. "Sasa anasoma maneno 38 sahihi kwa dakika, ifikapo Mei atasoma 70, akipimwa kila wiki" linaweza kuvunjika, na linapovunjika una la kuonyesha.

Udhaifu mkubwa wa mfumo huu ni kwamba humfaa mwenye muda na pesa. Tangu kesi ya Schaffer ya 2005, mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayelalamika, na mara nyingi huyo ni mzazi, ingawa majimbo kama New York na New Jersey yameurudisha kwa shule. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliongeza kwamba mzazi akishinda harudishiwi alicholipa wataalamu wake. Mtaalamu ndiye anayebeba kesi hizi. Bila yeye ni neno la mama dhidi ya ripoti ya mwanasaikolojia wa shule. Mwaka 1984 mahakama hiyo hiyo ilipowazuia wazazi walioshinda kurudishiwa gharama za mawakili, Bunge lilirekebisha sheria mwaka 1986, miaka 2 tu baadaye. La wataalamu bado halijaguswa.