Ajira ya watoto: sheria inamshika nani?

Kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, Geita hadi Chunya, mtoto hutafutiwa kazi kulingana na umbo lake. Mwembamba huingia shimoni, mwenye nguvu kidogo huponda mawe, na wa kuchenjua, yaani kutenga dhahabu na mchanga, hukoroga zebaki kwa mikono mitupu. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliyaandika haya mwaka 2013. Kule Mererani kwenye tanzanaiti vijana hawa waliitwa "nyoka", na jina linajieleza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na kazi za hatari, uchimbaji ukiwemo, inazifunga mpaka miaka 18. Basi kwa nini tusiwakamate waajiri tu, yakaisha?

Hoja ya kuwakamata ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1998 wachumi Kaushik Basu na Pham Hoang Van walianza na jambo ambalo mzazi yeyote atalikubali: hakuna anayemtoa mwanawe kibaruani kwa kupenda, hufanya hivyo kipato cha wakubwa kisipotosha. Lakini mtoto akiingia sokoni, anashindania kazi ileile na baba yake, na ujira wa baba unashuka. Ukishuka, mtoto mwingine naye hutoka. Familia zinajivuta chini zenyewe bila hata moja kutaka. Ukiwaondoa watoto wote kwa mpigo, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, itabidi awalipe watu wazima zaidi, na huenda ujira huo ukatosha kuwaacha watoto shuleni. Hapo marufuku haimnyang'anyi maskini kitu.

Neno zito hapo ni "huenda". India ilipitisha sheria ya kuzuia ajira ya watoto mwaka 1986, na wachumi waliopima matokeo yake baadaye walikuta ujira wa watoto umeshuka na watoto wanaofanya kazi wameongezeka. Haishangazi ukilifikiria. Mwajiri anayeogopa faini haachi kuajiri, anakata pesa ya hofu yake kwenye malipo ya mtoto. Nyumba iliyokuwa ikitegemea pesa hiyo sasa inahitaji mikono zaidi kufikia kiasi kilekile. Bangladesh nayo, mswada uliopelekwa Bunge la Marekani mwaka 1993 kuzuia nguo zilizoshonwa na watoto ulivitisha viwanda vikawafukuza watoto kwa maelfu. UNICEF walieleza baadaye kwamba baadhi yao waliishia kuponda mawe na hata kuuza miili. Mswada wenyewe haukupita.

Wanaopinga marufuku husimama hapo, na mimi nadhani wanasimama mapema mno. Mifano yote hiyo ina mwajiri wa kutozwa faini. Watoto wetu wengi hawana. Kwa hesabu za Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNICEF, mwaka 2024 watoto milioni 138 duniani walikuwa kwenye ajira ya watoto, karibu milioni 87 kati yao kusini mwa Sahara, na kilimo ndicho kilichowabeba wengi. Mtoto wa Urambo anayechambua tumbaku, au wa Bukoba anayepalilia migomba, bosi wake mara nyingi ni mama yake. Mkaguzi wa kazi amtoze nani?

Kagera inatupa jibu zuri kuliko mjadala wa sheria. Utafiti uliofuatilia kaya za mkoa huo kati ya 1991 na 1994 ulionyesha kwamba mavuno yakiharibika, saa za kazi za watoto zinapanda. Kaya zilizokuwa na mali ya akiba zilihimili pigo hilo vizuri zaidi. Yaani kilichomlinda mtoto ni kuwapo kwa kitu kingine cha kuuzwa pale panya walipomaliza mahindi. Ndiyo maana ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, kwa kaya maskini ina nafasi kwenye mjadala huu, ingawa si dawa safi: kaya ikinunua mbuzi kwa ruzuku, lazima apatikane wa kuwachunga, na kila mtu anajua atakuwa nani.

Shule nayo ina fundo lake. Sera ya elimu, toleo la 2023, inataka miaka 10 ya elimu ya lazima, maana yake anayeanza na miaka 6 amalize akiwa na 16 hivi. Sheria ya kazi bado inataja 14. Mkataba wa ILO namba 138 unataka umri wa kuanza kazi usiwe chini ya umri wa kumaliza elimu ya lazima, kwa hiyo tarakimu moja kati ya hizo mbili inapaswa kusogea.

Kwa machimboni, hata hivyo, sioni cha kusubiri. Pale mwajiri yupo, anafahamika kwa jina na kwa karasha lake, mashine ya kusagia mawe, na watu wazima wanaotafuta kazi hiyo wamejaa. Mazingira aliyoyaeleza Basu ndiyo hayo. Zaidi ya hapo, mtoto aliyekosa muhula mmoja kwa sababu ya kupalilia anaweza kurudi darasani, lakini zebaki ikishaharibu mishipa ya fahamu hairudishi kitu. Kilimo kisubiri ruzuku na shule za karibu. Duara lifungwe kwa watoto leo.