The Lost City: kicheko kizuri chini ya volkano isiyo na wakaaji

Katika filamu The Lost City, iliyotoka mwaka 2022, mwanamume anayepaswa kuwa shujaa anaogopa karibu kila kitu. Anaitwa Alan, na anaigizwa na Channing Tatum. Kazi yake ni kupigwa picha za majalada ya riwaya za mapenzi, kifua wazi na nywele ndefu za bandia kichwani. Mwandishi wa riwaya hizo, Loretta Sage, ambaye ni Sandra Bullock, anatekwa na tajiri mmoja na kupelekwa kisiwani, na Alan anaamua kumfuata. Hajui kupigana wala hajui msitu. Anakwenda tu, na utamu wote wa filamu hii unatoka hapo.

Sisi tuliokulia kwenye filamu za mapigano hapa Goma tumezoea mwanamume wa aina nyingine, yule asiyelia, asiyekosa shabaha, asiyeomba radhi. Waongozaji, ndugu wawili Aaron na Adam Nee, wanamleta huyo pia. Ni Jack Trainer, anayeigizwa na Brad Pitt. Kwa dakika chache anaangusha walinzi wote na kumtoa Loretta akiwa bado amefungwa kwenye kiti, kiti kimewekwa juu ya toroli. Halafu anapigwa risasi ya kichwa, ghafla, na njia yote iliyobaki inaachwa kwa Alan. Nimeipenda sana hatua hiyo. Kuanzia pale Loretta hana wa kumtegemea ila mtu anayemjali, na kujali huko kunapimwa kwa mambo madogo: kubebana, kungojana, kuondoleana ruba mgongoni baada ya kuvuka mto.

Kuna mahali Alan anamweleza Loretta kwamba zamani aliona haya kwa kazi yake ya majalada, mpaka alipotambua jinsi inavyowafurahisha wasomaji. Tangu hapo hakuona sababu ya kuonea haya kitu kinacholeta furaha kwa watu. Loretta mwenyewe ni mjane. Alisoma mambo ya kale pamoja na mumewe, na riwaya zake anazidharau. Maneno ya Alan yanamgusa mahali pake. Kwangu mimi huo ndio utetezi bora wa filamu nyepesi niliowahi kuusikia ndani ya filamu nyepesi. Mtu aliyetoka kazini amechoka, mwenye wasiwasi juu ya kodi ya nyumba na habari za barabarani, ana haki ya saa mbili za kucheka. Asidharauliwe kwa hilo.

Wapo wanaosema hadithi hii ni ya kuazima, na ni kweli. Mwaka 1984 Robert Zemeckis alitoa Romancing the Stone, ambamo Kathleen Turner ni mwandishi wa riwaya za mapenzi anayejikuta msituni Kolombia. Lakini kule mwanamume, Michael Douglas, ndiye mjuzi wa njia. Hapa mjuzi ni mwanamke: anasoma maandishi ya kale, anafumbua siri ya kaburi, naye mwanamume anashika mkoba. Tena Bullock alizaliwa 1964 na Tatum 1980. Mama mwenye umri ule kupendwa na kijana wa namna ile, bila mtu yeyote ndani ya hadithi kuligeuza kuwa jambo la aibu, ni kitu ambacho filamu za mapenzi hazitupi mara nyingi.

Udhaifu wa kwanza ni mwendo. Trainer akishaondoka, katikati panalegea. Wawili hawa wanajibizana, wanakatizana maneno, na kuna nyakati waigizaji wanaonekana kungojea wenyewe kicheko kije. Adui naye, yule tajiri Abigail Fairfax anayeigizwa na Daniel Radcliffe, ana kinyongo chepesi mno: mdogo wake alipewa himaya ya biashara ya familia, basi yeye anatafuta taji la kale. Radcliffe anacheza kwa bidii. Ila mtu wa kuogopa hayupo, na mapigano yasiyo na hofu yanachosha haraka.

Udhaifu unaoniuma zaidi ni volkano.

Kisiwa hiki ni cha kubuni, ndani ya Atlantiki, ingawa picha zilipigwa Jamhuri ya Dominika. Juu yake kuna mlima wa moto unaokaribia kulipuka na kuzika magofu anayoyachimba Fairfax. Kwa nini mlima upo? Kwa ajili ya kuharakisha wapenzi. Unatikisa ardhi wakati hadithi inahitaji kutikiswa. Mtu wa Goma anautazama na kuuliza swali ambalo filamu haiulizi: watu wa chini wanakwenda wapi? Januari 2002 moto wa Nyiragongo, volkano iliyo karibu na Goma, ulipita katikati ya mji wetu, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukafika Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ulirudi usiku wa Jumamosi, ukaishia Buhene, karibu na uwanja uleule. Siku chache baadaye serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe, na barabara ya Sake ikajaa akina mama wenye magodoro kichwani. Volkano kwetu ni jambo la watoto waliopoteana na wazazi, la nyumba zilizojengwa upya juu ya mawe meusi.

Sisemi volkano isichekewe. Watu wa mji huu wanaufanyia mlima wao mzaha kila siku, na mzaha huo umewasaidia kuishi. Lakini anayecheka hapa anajua jina la jirani aliyehama. Kwenye kisiwa kile kuna kijiji, kuna muziki, kuna wimbo wa wenyeji unaomsaidia Loretta kujua kaburi liko wapi. Wimbo ukishatoa siri yake, kijiji kinasahaulika. Mlima unanguruma, na kamera inawatafuta wageni wawili peke yao.

Haki inanidai niseme kwamba filamu yenyewe inaonekana kuhisi kasoro hii. Kuna Rafi, mwenyeji anayemfanyia kazi Fairfax, anayeona vibaya mahali pa mababu zake pakichimbuliwa, na mwishoni anamgeuka bwana wake. Na taji lenyewe, likipatikana, halina almasi: ni la makombe mekundu ya baharini, ambayo mfalme alimwokotea malkia wake, naye malkia alitaka kujificha na huzuni yake mbali na macho ya watu. Ni wazo zuri sana, bora kuliko hadithi inayolizunguka. Linawapa watu wa kale wa kisiwa moyo na mapenzi yao wenyewe. Kwa nini wajukuu zao walio hai wasipewe hata nusu ya hayo?

Rafi angepewa dakika kumi zaidi, nyumba, mama, mtu wa kumwambia akimbie kabla mlima haujapasuka, Alan asingepoteza kicheko hata kimoja. Woga wake ungekuwa na uzito, kwa sababu tungeogopa pamoja naye kwa ajili ya wengine. Nitaendelea kuwapendekezea jamaa waione, hasa vijana wa kiume, kwa sababu ya Alan. Na wakifika pale mlima unapoanza kutoa moshi, nitawauliza kama wamekiona kijiji.