Baba Mdogo, Mstari Unasubiri!

Siku hizi sigombani na mtu. Umri umekwenda, presha ipo, na heshima ni kitu cha bure. Ila yule MC wa harusi ya Jumamosi, hapa Maryland, asinipitie karibu na kipaza sauti chake. Nimemaliza.

Bwana harusi ni mtoto wetu wa Moshi. Bibi harusi ni wa Chicago, na Chicago huwezi kutaja Soul Train, kile kipindi cha televisheni cha muziki na dansi cha Wamarekani weusi, ukiwa umekaa vibaya, maana ndiko kilikozaliwa: Agosti 1970, stesheni ya WCIU, studio finyu, picha nyeusi na nyeupe. Mwenye kipindi, Don Cornelius, alikuwa mtu wa habari redioni, jitu refu, sauti kama inatoka kisimani. Mwaka uliofuata akahamia Los Angeles, kipindi kikasambaa nchi nzima, na Chicago wakabaki na chao cha mtaani chini ya Clinton Ghent. Shangazi za bibi harusi wana kinyongo na jambo hilo mpaka leo. Walikaa meza ya mbele, viatu wameshavua, na waliomba kitu kimoja tu usiku mzima: ule mstari wa kucheza wa Soul Train.

MC akatangaza, "Familia zote mbili katikatiii!" Familia yetu unaijua. Walikuja na sahani.

Na mstari wenyewe hauna uganga. Safu mbili zinatazamana, wanaume huku, wanawake kule. Katikati mnaacha hatua nne, watu wawili wakunjue mikono bila kumzaba mtu kibao. Wawili wa juu wanakutana, wanashuka pamoja, wakifika chini wanaachana, kila mmoja anarudi mkiani kwa safu yake. Jozi ya pili inaingia wenzao wakiwa nusu ya njia. Wimbo uwe wa mapigo 110 hadi 120 kwa dakika: chini ya hapo watu wanatembea, juu ya hapo wanakimbia. Kila jozi mapigo 32, sekunde 16 hivi, basi, pisha wengine.

Wetu walifanyaje? Hatua nne zikawa mbili, kwa sababu kila mwenye simu aliingia ndani ya njia kupiga picha. Simu zinakaa mwisho wa mstari, jamani! Kwenye kipindi ndiko kamera ilikokuwa, ndiyo maana wale wachezaji walikuwa wanashuka huku wanakutazama usoni. DJ naye akachagua wimbo wenye utangulizi wa dakika nzima, jozi ya kwanza ikasimama pale inatabasamu mpaka meno yakakauka.

Ikafika zamu ya Baba Mdogo wa bwana harusi, kapangwa na shangazi mkubwa wa Chicago, mama mtu mzima, sabini na ushee. Mama akaanza na ule mtindo wa kufunga, "locking", aliouanzisha mchezaji Don Campbell. Kiwiko kikapaa, kikaganda hewani, goti likashuka, kidole kikamwelekea DJ. Kufunga hakutaki nguvu. Unakata mwendo ghafla, unatulia pigo moja, ndipo unaendelea. Ukikosa ule utulivu unaonekana unafukuza nyuki. Mama akakata, ukumbi ukapiga yowe. Akageuka, mwenzake hayupo.

Baba Mdogo yuko kulekule juu, anasalimia. Mkono kwa mkono, safu nzima, anainama, "Karibuni sana, wakwe zetu, poleni na safari." Nyuma yake jozi tatu zimeshaingia, zinacheza palepale zilipo. Halafu akakumbuka kutunza. Akatoa burungutu la dola mojamoja, akambandika mama moja kwenye paji la uso. Akarudi nyuma, akatikisa bega, akaja na nyingine. Mapigo 32 yakapita, yakapita mengine. MC badala ya kumwondoa anamshangilia: "Baba Mdogo hoyee!" Hoyee ya nini? Watu wamekwama! Njia imefungwa!

Kijana mmoja mjinga akapaza, "Michael!" Baba Mdogo akaamua kuteleza kinyumenyume, ile "moonwalk" ya Michael Jackson.

Sasa tuelewane hapa. Mguu mmoja unasimama kwa vidole, kisigino juu, na uzito wote uko hapo. Mguu wa pili umelala bapa, mwepesi, ndio unaovutwa nyuma. Ukishafika, visigino vinabadilishana kwa pamoja, huyu anapanda, yule anashuka. Wengi wanavuta mguu wenye uzito, ndiyo maana wanakwama. Na soli iwe ya ngozi. Baba Mdogo alivaa raba, na sakafu ya kukodi ni vipande vya mbao vilivyopachikwa juu ya zulia. Kisigino kikanasa kwenye kiungo. Alikaa. Alikaa rasmi, dola mkononi, na zile jozi tatu zikamfuata hukohuko.

Halafu vijana wanakwambia kuteleza kulianza 1983 na Michael Jackson. Jeffrey Daniel, aliyetokea kwenye wachezaji wa Soul Train, aliteleza kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 1982, na ni mmoja wa waliomfundisha huyo Michael wenu. Vijana haohao wanazisambaza zile video za zamani wamezikata wima, miguu yote nje. Video ya kucheza haina miguu!

Wengine eti waimbaji wa Soul Train walikuwa wanachezesha midomo tu. Ndiyo, wengi walichezesha. James Brown alikuja na bendi yake akaimba kweli. Kwani mwimbaji alikuwa anatazamwa na nani? Mwimbaji Joe Tex alimpandisha jukwaani mchezaji Damita Jo Freeman, na kuanzia hapo mwenye wimbo akawa mgeni kwenye wimbo wake.

Na wale wachezaji hawakulipwa. Wikendi nzima wanarekodi vipindi, wanabadilisha nguo ili Jumamosi moja isifanane na nyingine, malipo yao boksi la kuku wa KFC. Lakini kuku walimpata! Sisi tumechanga dola 150 kila kichwa, meza yetu ikaitwa ya mwisho, tukakuta shingo na mchuzi. Na kuna mama mmoja, simtaji, alikuwa na foili chini ya meza tangu maharusi hawajaingia. Mapaja manne! Mwenyekiti wa kamati alimwona. Mhazini alimwona, akamsaidia kufunga. Na Jumapili ijayo kuna kikao cha kuvunja kamati, tumeambiwa tuje na dola ishirini za vinywaji.