Ng'ombe wamefika kusini, faida yao inakaa wapi?

Kwa vizazi vingi mbung'o, inzi wanaoeneza maradhi ya mifugo, waliwazuia ng'ombe kuenea Lindi na Mtwara. Mkulima wa huku alizoea jembe la mkono, kuku, mbuzi na korosho. Hali ilibadilika mwaka 2006 na 2007, serikali ilipowaondoa wafugaji bonde la Usangu, Mbeya, wengi wakaelekezwa Lindi, ikiwemo Kilwa. Tangu hapo watu wanabishana kama mifugo ni neema au balaa.

Wanaoiita neema wana hoja nzito. Ufugaji huchangia takriban asilimia 6 hadi 7 ya pato la Tanzania. Korosho huingiza fedha kwa msimu, kuanzia Oktoba. Ng'ombe huuzwa siku yoyote mtoto anapodaiwa mahitaji ya shule au mgonjwa anapopelekwa hospitali. Mimi naona kuna kubwa zaidi lisilotajwa sana, nalo ni maksai wa kukokota plau na samadi. Wasukuma waliohamia huku wanajua kulima kwa plau, na anayelima ufuta kwa jembe la mkono anajua kila eka inavyomtoa jasho.

Lakini hasara haigawanywi sawa. Kiangazi maji hubaki mabondeni, kando ya mito ya Matandu, Mavuji na Mbwemkuru, na hukohuko ndiko wanakijiji wanakolima mboga na mpunga. Ng'ombe wakivunja mikorosho michanga, mkulima, akibahatika kulipwa, hulipwa bei ya miche. Mkorosho huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa. Miaka hiyo iliyopotea nani anaifidia? Siwalaumu wanaotaka ng'ombe warudi walikotoka, ingawa sikubaliani nao. Mfugaji naye hawezi kumzuia mnyama mwenye kiu mahali pasipo na lambo la kunyweshea wala njia ya kupitishia mifugo.

Halafu kuna suala la soko. Ng'ombe akipakiwa hai kwenye lori kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, kazi za machinjio na ngozi zinaondoka naye. Kijiji kinabakiwa na kwato shambani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kupitisha mpango wa matumizi ya ardhi. Utumike. Kijiji ambacho hakijatenga malisho kisipokee kundi jingine, na halmashauri zielekeze ushuru wa minada kwanza kwenye malambo na majosho ya kuogeshea mifugo, mbali na mabonde ya kilimo.